Nilimtania mwanangu kwa kinyozi

Kinyozi wetu ana chumba kimoja karibu na stendi ya Lushoto. Kuna viti viwili vya kunyolea na benchi moja la wasionyoa, na benchi ndilo lenye wateja wengi. Mwezi wa sita, ukungu unaposhuka kutoka Magamba na kila mtu kajikunyata ndani ya sweta, hapo hupati pa kukaa. Watu wanakuja kuota joto na kubishana.

Zamani ubishi ulikuwa Simba na Yanga tu. Ulibadilika Jumatatu ya tarehe 15 Septemba 2025, tulipoamka na kukuta simu zimejaa video ya Alphonce Simbu akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe wa marathoni ya dunia kule Tokyo. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia ya sekunde, hata kupepesa jicho ni kurefu zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mtanzania kuchukua dhahabu ya mashindano ya dunia ya riadha. Tangu siku hiyo swali kwa kinyozi ni moja: nani mwanamichezo mkubwa kuliko wote nchi hii imewahi kuwa naye?

Mimi ni wa Filbert Bayi. Nimerithi hilo kwa marehemu baba yangu, mtu wa redio, ambaye alisimulia mbio za Christchurch kana kwamba alikuwepo uwanjani. Tarehe 2 Februari 1974, mita 1,500, Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo, akaongoza mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani, na hakupata kitu zaidi ya kuuona mgongo wa Bayi. Mwaka uliofuata, kule Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili. Mwaka 1976 Tanzania ikasusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Dhahabu ya mita 1,500 ikachukuliwa na Walker huyohuyo. Nikifika hapo huwa napandisha sauti.

Fundi seremala jirani yangu ni wa Simbu. Hoja yake ni fupi: dhahabu ni dhahabu. Kinyozi ni wa Mbwana Samatta, kwa kuwa alifika Ligi Kuu ya Uingereza, na anadai hao wengine wanakimbia tu, hata mbuzi hukimbia. Yupo pia mwalimu mstaafu, ambaye kila mara hutaja jina moja la upole: John Stephen Akhwari. Alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, akaingia uwanjani mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Nilikuwa namkatiza mzee wa watu kila akianza. "Mwalimu, alikuwa wa 57! Tunazungumzia wakubwa."

Mwanangu wa kiume yuko darasa la sita. Kila Jumamosi nilikuwa naenda naye pale, lakini yeye hakai kwenye benchi. Hukaa barazani na huyo mwalimu, wakicheza bao. Mimi bao nalijua kwa macho tu. Kwetu lilikuwa la wazee, na nilipokuwa mdogo ukionekana umekaa unaulizwa kama unaumwa.

Mwaka huu shuleni kwao walichagua watoto wa kwenda kwenye mashindano ya UMITASHUMTA. Nilikwenda kutazama. Uwanja wa shule yao, kama viwanja vingi vya huku milimani, umelala upande mmoja, kwa hiyo kila mzunguko unapanda na kushuka. Mita 800, mwanangu alikuwa wa mwisho, na si wa mwisho wa karibu. Wenzake walikuwa wameshaanza kunywa maji naye bado ana nusu mzunguko. Mwalimu wa michezo alimpungia mkono atoke, wapange mbio nyingine. Hakutoka. Alikuja mpaka kwenye mstari, mdogo mdogo, watoto wengine wakicheka. Nakiri niliona aibu. Nilijifanya naongea na simu.

Jumamosi yake, pale kwa kinyozi, seremala akaniuliza kama kijana atatuletea medali. Nikajibu, "Huyu? Mchezo wake ni kukaa." Benchi zima likacheka, nami nikacheka. Mlango ulikuwa wazi. Yeye alikuwa barazani, kete mkononi.

Kuanzia hapo hakwenda tena. Nywele zilipokua alimwomba mama yake ampunguze kwa mkasi nyumbani, zikatoka kama shamba lililoliwa na panzi. Mwalimu mstaafu aliniuliza mara mbili mwenzake yuko wapi, nikasema ana masomo. Mke wangu ndiye aliyenieleza, usiku, watoto wamelala. "Mtoto hana neno na mbio. Ana neno na wewe, Baba Fulani." Nilijitetea kwamba ni utani, wanaume hutaniana. Hakunijibu, akageukia ukutani.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Kisha jioni moja nikamwambia alete bao lake. Alinitazama kama mtu anayesubiri dhihaka ya pili, lakini akalileta. Mashimo 32, kete 64. Akanieleza polepole: kila mmoja anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye shimo linaloitwa nyumba, na nyingine 22 mkononi. Alinifunga mara tatu. Mara ya tatu nadhani alinionea huruma, maana ilichukua muda.

Tukaweka bao pembeni, nikamwonyesha kwenye simu mbio za Christchurch. Nilianza hotuba yangu ya kawaida kuhusu mapafu ya Bayi. Akanikatiza.

"Baba, huyu anafungua nyumba mapema."

Nikamwambia arudie.

"Nyumba ndiyo ina kete nyingi. Wengi wanaitunza mpaka mwishoni. Yeye anaifungua mwanzoni, mwenzake anaacha mchezo wake anaanza kumkimbiza. Lakini ukikosea, kete zinaisha, unaliwa."

Nikamweleza habari ya Moscow mwaka 1980. Bayi alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa umbali mkubwa, halafu Bronisław Malinowski wa Poland akamkamata kwenye mzunguko wa mwisho. Akaambulia fedha. Kijana akatikisa kichwa kama mzee. "Si umeona? Aliliwa." Na Simbu? Simbu aliitunza nyumba kilomita 42 nzima, akaifungua kwenye hatua za mwisho, Petros akiwa anauona utepe.

Nimebishana kuhusu Bayi zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuliona hilo. Mimi nilijua mapafu na ugali. Mtoto wa darasa la sita aliona hesabu.

Je, bao ni michezo? Nilijiuliza kwa dhati, maana sikutaka kumpa mtoto sifa ya huruma, watoto huijua harufu yake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua mchezo wa sataranji mwaka 1999, na mwaka 2006 kule Doha ulitolewa medali katika Michezo ya Asia. Watu wamekaa kwenye viti, wanaondoka na medali shingoni. Bado moyo wangu unataka jasho. Nikamwambia hivyo, kwamba kwangu mimi mwanamichezo lazima mwili uchoke. Akafikiri kidogo, akauliza kama basi bibi yake ni mwanamichezo. Mama yangu ana umri wa zaidi ya miaka sitini, na msimu wa matunda damu hupanda na tenga kichwani kutoka bondeni mpaka barabarani, mwinuko ambao mimi mwenyewe nikiupanda mikono mitupu nasimama njiani kuvuta pumzi. Hakuna aliyewahi kumshikia saa. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Nikamwomba radhi. Nilisema maneno ya siku ile hayakuwa mazuri na mimi ndiye niliyekosa. Si jambo jepesi kwa baba wa huku kwetu, wa kwangu hakuwahi kuniambia neno kama hilo na nilimpenda hivyohivyo. Mtoto akasema, "Sawa, Baba." Akaanza kukusanya kete. Alipofika mlangoni akageuka.

"Lakini ulisema kule."

Sikulala vizuri. Kuomba radhi jikoni kunagharimu kidogo, na nilikuwa nimetegemea kwamba kungetosha. Jumamosi tukashuka pamoja, yeye nyuma yangu hatua kama kumi, kofia ya sweta usoni kuficha zile nywele. Benchi lilikuwa limejaa. Nikasalimia, nikabaki nimesimama, mapigo ya moyo nayasikia masikioni.

"Siku ile nilisema huyu mchezo wake ni kukaa," nikawaambia. "Nilikosea, na nilikosea mbele yenu. Ndiyo maana nasema mbele yenu."

Kinyozi akazima mashine. Kimya kilikuwa kirefu, au mimi ndiye nilikiona kirefu. Seremala akauliza, "Umekuja kunyoa au kutubu?" Watu wakacheka, nami nikacheka, safari hii nikimtazama mwanangu. Hakucheka. Alimwamkia mwalimu mstaafu, "Shikamoo," mzee akaitikia, akasogea kumpa nafasi na kutoa bao chini ya kigoda. Kabla sijapata pa kukaa, kinyozi alikuwa ameshaanza na Samatta wake.

Nilitetea Bayi wangu kama kawaida. Siwezi kubadilika kwa siku moja.

Wakati wa kurudi, kijana kanyolewa vizuri, anatembea sambamba nami. Nikakumbuka kwamba katika kelele zote hizi sijawahi kumuuliza yeye mkubwa wake ni nani.

"Akhwari," akasema.