MAUA NA BIDO LA MAJI



Wengi wenu mnanijua kama kapita, yule anayeandika majina ya wenye kuchelewa. Leo nataka kuandika majina mengine, ndiyo majina ya maua. Wengine watacheka na kusema, "Kapita amekosa habari." Lakini katika mji wetu wa Uvira habari ya maua si mchezo. Ni habari ya maji, na ya mabega ya wale wanaoyabeba.

Sisi wote tunajua mahali tunapokaa. Upande mmoja ni milima ya Mitumba, upande mwingine ni ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya bahari, na sisi tuko katikati, jua linatupiga. Mvua inaanza karibu na mwezi wa kumi. Ikifika mwezi wa sita ni kiangazi, hata mwezi wa tisa. Ndugu zetu wa Bukavu wanakaa pembeni ya ziwa Kivu, lenye mita 1.460 juu ya bahari, na kule juu kuna baridi. Kwa gari Bukavu si mbali sana. Lakini ua halihesabu kilometa, linahesabu joto.

Mwaka 2022 shangazi alikuja kutusalimia kutoka kule, na alileta zawadi ya hortensia, lile ua lenye kichwa kikubwa cha rangi ya buluu. Alilinunua kwa bei ya gunia moja la makala. Jirani walikuja kulitazama. Mchana majani yalilegea kama kitambaa chenye maji. Mama alimwagia, na jioni yakasimama. Kesho yake vilevile. Juma la tatu ua likakauka kabisa. Muuzaji hakumdanganya shangazi. Alimuuzia ua zuri la kwao. Hortensia ina majani mapana yanayopoteza maji upesi, nayo inapenda ubaridi na kivuli. Kumleta mgeni huyu Uvira ni sawa na kumvalisha mtu koti la sufu mwezi wa tisa.

Mtaniuliza, mama alitaka maua ya nini? Baba yetu alipofariki, lupango letu lilibaki tupu. Mama alisema nyumba bila ua inafanana na matanga yasiyoisha. Baba mdogo hakukubali. Alimwambia, "Mama Watoto, maua inakuliwa? Panda lengalenga." Mama akajibu polepole, "Lengalenga tunalo. Ninataka kitu kimoja ambacho nikifungua mlango asubuhi kinanisalimia." Basi akaanza kupanda maua ya namna namna katika makopo manane ya rangi.

Kisha kiangazi cha 2023 kikafika. Bomba likitoa maji, watu wanapanga foleni. Lisipotoa, watoto wanakwenda mbali. Kwetu wachotaji ni wadogo zangu wawili, wasichana. Jioni moja mkubwa wao aliweka bido chini na kusema, "Yaya, ile maua inakunywa kupita watu!" Mama alisikia, akanyamaza.

Nilichukua karatasi tukahesabu. Kila kopo lilikunywa lita moja asubuhi na lita moja jioni. Makopo manane ni lita 16 kwa siku. Tangu mwezi wa sita hata mwisho wa mwezi wa tisa ni siku 122, maana yake lita 1.952. Bido moja ni lita 20, kwa hiyo ni karibu mabido 98. Na bido likijaa lina kilo 20, juu ya kichwa cha mtoto wa miaka kumi na miwili. Mbele ya hesabu hiyo hakuna aliyetafuta maneno.

Baba mdogo alisema tung'oe yote. Wadogo zangu walisema vivyo hivyo. Mama alisema, "Hapana. Tutachagua maua yanayopatana na jua, si yale yanayopigana nalo." Naona neno hilo ni la akili, na ndilo ninalotaka mlishike. Tazameni jinsi tulivyofanya.

La kwanza, bugenvilia. Liko kwenye nyua nyingi za mji huu, hakuna lazima ya kununua. Omba jirani tawi lenye unene wa kalamu na urefu wa sentimeta 15 ao 20, limekomaa kidogo. Ondoa majani ya chini, chomeka katika udongo wenye mchanga, weka penye kivuli, na udongo usikauke kabisa. Likitoa machipukizi na mizizi imeshika, mvua ikianza, lihamishe juani. Likizoea, usilibembeleze: maji mengi na mbolea nyingi vinaleta majani, maua yanapungua. Na mjue, ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kidogo cheupe kilicho katikati. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina limetoka kwa Bougainville, baharia wa Ufaransa wa miaka ya 1700.

La pili, franjipani, lenye harufu nzuri jioni. Ukikata tawi linatoa maziwa. Liache kivulini karibu juma moja mpaka kidonda kikauke, ndipo upande. Ukipanda mbichi linaweza kuoza. Wakati wa kiangazi linaangusha majani. Usidhani limekufa, wala usilimwagie maji mengi kwa huruma. Linalala tu.

La tatu ni lile ua dogo la petali tano, la pinki ao jeupe, linaloitwa kwa Kifaransa pervenche ya Madagaska. Linavumilia jua, linazaa mbegu lenyewe, na mbuzi hawalitamani kwa sababu ya uchungu wake. Kutoka kwa majani yake, kuanzia miaka ya 1950, wataalamu walipata dawa zinazotumika hata leo hospitalini juu ya kansa ya damu. Lakini mtu asilipike chai nyumbani, maana lina sumu.

La nne, hibiskusi. Hili linapenda maji, ndiyo sababu mama alibakiza moja tu, akalipanda pale tunapooshea vyombo. Linakunywa maji ya kusuuza, bila javeli. Kwa hiyo halina bido lake.

Lorie-roza pia linavumilia jua sana, lakini mama alilikataa. Mti wote ni sumu, majani, maua na hata vijiti, na kwetu kuna watoto wanaotia kila kitu mdomoni.

Tulitoa mimea katika makopo, tukaitia ardhini mwezi wa kumi 2023, mvua ilipoanza. Kopo juani linachemka na kukauka upesi, na mizizi haina mahali pa kwenda. Ardhini inashuka kutafuta unyevu. Tulichimba shimo lenye upana mara mbili ya kopo, tukachanganya udongo na mavi makavu ya mbuzi, tukafunika juu kwa majani makavu ili jua lisifyonze maji. Kumwagia ni asubuhi mapema ao jioni, maji mengi mara moja, kisha kupumzisha siku kadhaa, ili mizizi ishuke. Ukimwagia kidogo kidogo kila siku, mizizi inabaki juu na kuungua. Na usiache maji chini ya makopo, ndiyo nyumba ya mbu.

Mwenye kutaka kununua, asikimbilie mmea wenye maua mengi. Maua ni leo tu, lakini mzizi ni mwaka mzima. Chagua mmea mfupi, wenye shina nene na machipukizi, na mizizi isiyozunguka kama kamba ndani ya sashe. Uliza muuzaji: ulikaa juani ao kivulini? Kama ulikaa kivulini, uzoeze jua polepole, saa moja, kisha mbili, mpaka majani yakubali. Ukiupanda, ondoa sashe, na kata maua yaliyofunguka ili nguvu ziende mizizini. Inauma kuyakata, lakini inafaa.

Kiangazi cha 2024 tulihesabu tena. Kwa maua yote tulitumia bido moja kwa juma, ni 17 hivi kwa kiangazi chote, badala ya 98. Mama anasalimiwa kila asubuhi. Baba mdogo alipita, akasimama mbele ya bugenvilia, akauliza kama anaweza kukata tawi. Tulimpa, na hatukumkumbusha lengalenga.

Sasa nageukia masomo yetu. Kila mwaka, mwezi wa kumi, feza zinatoka kununua maua ya njia ya mbele. Anayeyamwagia ni nani? Ni mwenye azabu. Mimi kapita ndimi ninayesoma majina hayo, na ninaona namna wenzangu wanavyoyatazama maua, kama vile yenyewe ndiyo yaliyowashitaki. Halafu vakansi inafika, mwezi wa saba na wa nane, katikati ya kiangazi. Hakuna mwanafunzi, hakuna bido. Tukirudi mwezi wa tisa tunakuta vijiti, na mwezi wa kumi tunanunua tena.

Ninamwomba Bwana Prefe na walimu wetu: mwaka huu tusinunue. Kila mwanafunzi anayekaa mjini alete tawi moja kutoka kwao, nasi wa interna tutachimba mashimo. Tupande bugenvilia kando ya ukuta, franjipani kwenye kona, na pervenche njiani. Mvua itafanya kazi ya kwanza, na vakansi ikifika, mimea itakuwa na mizizi ya kujitegemea. Feza zilizobaki zinaweza kununua chaki ao vitabu. Na kumwagia maji kuondoke katika orodha ya azabu, kuwe zamu ya kila darasa. Mtu hapendi kitu alichopewa kama fimbo.

Sisi wa la sita tunajitayarisha kwa egzamini ya Taifa, kisha tunaondoka. Maua hayo hatutayaona yakifunguka. Ninyi wa la kwanza mtayaona, na wadogo zenu nyumbani watajua kama mlijifunza kitu: tazameni tu uzito wa bido wanalobeba.

Kapita wenu, wa darasa la sita