Pijo ya Mshua na Altezza ya Dogo: Usiku Mmoja Ulimaliza Ubishi

Kimara, nyumba moja, ndinga mbili. Chini ya mwembe kuna Peugeot 504 ya mwaka 1979, ya mshua, mwalimu mstaafu. Karibu na geti kuna Toyota Altezza ya 2001, ya kijana wake. Kati yake kuna miaka 22 na ubishi usioisha.

Dogo alikuwa na hoja. Altezza yake ina silinda sita, ABS, eabegi, AC inayogandisha na dashibodi yenye mishale kama saa ya mkononi. Nyuma kafunga sabufa, akipita mtaa mzima unajua. AC ya Pijo? Kushusha kioo.

Mshua naye hakosi cha kujibu. 504 ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikawa gari bora la mwaka Ulaya, na 1975 ikabeba Safari Rally kule Kenya, kwenye vumbi na matope yaliyowashinda wengi.

"Yako imekuja na kompyuta," humwambia. "Yangu imekuja na spana."

Ambacho mzee hakujua ni kwamba dogo alishapokea kianzio cha laki mbili kwa jamaa wa chuma chakavu. Mzee akienda tu kijijini, Pijo inabebwa, hela inanunua rimu mpya.

Sasa usiku mmoja, saa nane, mvua ya kufa mtu, mama akabanwa na pumu. Dawa ya kuvuta imeisha. Teksi za mtandaoni, hakuna dereva anayepokea. Dogo akakimbilia Altezza. Kimya. Jioni alikaa humo na washkaji, sabufa inadunda, injini imezimwa. Betri imekata. Na gari ni otomatiki, hata msukume mpaka Ubungo haiwaki.

Mzee hakusema neno. Akamwingiza mama kwenye Pijo, akakaa kwenye usukani, akaweka gia ya pili. Betri yake nayo ilikuwa imechoka siku nyingi, ila hiyo ni gari ya gia.

"Sukumeni!"

Dogo na jirani wakasukuma, miguu peku kwenye tope, kuelekea mteremkoni. Mzee akaachia klachi. Pijo ikakohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Dogo akarukia ndani, akamshika mama mkono njia nzima.

Hospitali walimwekea mashine ya kupumulia dawa. Daktari akasema wangechelewa kidogo tu, ingekuwa habari nyingine.

Alfajiri, wakiwa kwenye benchi, dogo alisubiri kusemwa. Mzee akamwambia tu, "Gari yako nzuri, mwanangu. Kwa mvua ile, breki zako ningezitamani. Ila ukizima injini, zima na muziki."

Hayo maneno yalimuuma kuliko matusi.

Kesho yake alirudisha kianzio. Laki moja alishaila, ikabidi sabufa iuzwe. Mzee hajaambiwa mpaka leo. Altezza bado ipo, inapendeza kinoma, na kwenye buti sasa kuna waya za kushtulia betri.

Pijo nayo ipo palepale chini ya mwembe. Tofauti ni kwamba kila Jumapili anayeshika spana ni dogo. Mzee anashika tochi.

Ungekuwa wewe, ungeuza ipi?