Kosa la Jicho, Lawama kwa Ulimi

Nyanchwa, mjini Kisii, mwanafunzi anayekosea herufi aghalabu hukatiwa hukumu mapema: ameathiriwa na Ekegusii. Hukumu hiyo ina msingi, kwani Ekegusii hutumia r pahali ambapo Kiswahili hutaka l, na "kula" hugeuka "kura". Ila msichana mmoja wa kidato cha pili hakuwa na kosa hilo. Palipoandikwa "kuta" ubaoni, yeye alinakili "kula"; e kwake ilikuwa c. Ajabu ni kwamba katika imla hakukosea. Lau mwalimu angelinganisha imla na nakala, asingeishtaki lugha ya mama, maana ulimi haunakili ubao.

Alipopimwa macho, ilibainika kwamba ana astigimatizimu. Konea, ile sehemu angavu iliyo mbele ya mboni, hutarajiwa kupinda sawasawa pande zote mithili ya mpira. Yake imepinda zaidi upande mmoja, mfano wa yai la jiwe la sabuni ambalo mchongaji wa Tabaka amelilaza mezani. Mwanga upitao hapo haukutani penye nukta moja. Basi mistari ya wima huweza kuonekana dhahiri huku ya ulalo ikififia. Na t iliyopoteza kijistari chake ni nini kama si l?

Wagiriki wamelipa neno hilo mizizi yake: "bila nukta". Kiswahili kina chongo, makengeza na mtoto wa jicho, lakini kasoro hii haina jina la mtaani, ndiyo maana wenzake walimwita mwenye makengeza ilhali macho yake yamenyooka. Tiba yenyewe si ngeni. Mwanafalaki Mwingereza George Airy alieleza mnamo 1825 lenzi ya umbo la silinda iliyorekebisha jicho lake la kushoto.

Darasani miwani ilitosha. Kwenye netiboli iliteleza kwa jasho na kujaa matone ya mvua ya alasiri, kwa hiyo akashauriwa kujaribu lenzi za kuvaa jichoni. Nyanya yake aliingiwa na hofu.

"Na kidude hicho kikipotelea nyuma ya jicho, mjukuu wangu?"

"Hakiwezi, nyanya," mtaalamu akamjibu. "Utando unaofunika weupe wa jicho umeungana na kope. Njia ya kwenda nyuma haipo."

Lenzi laini ya kawaida hufuata umbo la konea, na ila hubaki. Ile ya toriki ina nguvu tofauti kwa pembe maalumu, na mara nyingi huongezwa uzito upande wa chini ili isizunguke. Ikizunguka, ukungu hurudi. Lenzi ngumu nayo huacha machozi yajaze pengo lililo chini yake.

Maji ndiyo hatari. Hata maji ya mvua yaliyo safi tangini hayafai kuigusa lenzi, kwa kuwa huweza kubeba akanthamiba, kijidudu kinachoila konea. Mikono huoshwa kwa sabuni na kukaushwa, lenzi huhifadhiwa katika dawa yake, na usiku huvuliwa. Miwani angali nayo, kwa siku ambazo jicho limekuwa jekundu au chupa ya dawa imekwisha.