Risiti Sita

"Kwani haziuzwi zikiwa tayari?" mathe aliniuliza akinihesabia shilingi 60,000. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na pesa hizo zilikuwa za cherehani ya umeme. Akanipa mimi, kijana wa miaka 26 aliyeachishwa kazi, kwa ahadi kwamba nitazirudisha nikianza kuhariri video.

Zinauzwa, tena sana. Pale Luthuli Avenue nilionyeshwa kompyuta za ofisi zilizotumika Uingereza, zimepangwa kama mikate. Moja 25,000, unachomeka stima unaanza kazi. Muuzaji alikuwa mkweli: "Bro, ya kuandika barua hii inatosha. Video itakusumbua." Halafu nyingi za aina hiyo zina pawa saplai ya kampuni yake tu. Siku ukitaka kuweka kadi kubwa ya grafiksi, hutajua uanzie wapi.

Nikaamua kuunda yangu. Prosesa nilichukua Ryzen 5 5600G kwa sababu inatoa picha kwenye skrini bila kadi ya grafiksi. Hiyo ningenunua baadaye. Madabodi, RAM ya gigabaiti 16, SSD, pawa saplai, kasha. Skrini nilikuwa na ya zamani. Siku tatu, maduka manne, risiti sita.

Hapo ndipo nilielewa kitu. Ukinunua mashine nzima, ikikataa unamrudia mtu mmoja. Ukiunda mwenyewe, mshukiwa wa kwanza ni wewe.

Na ilikataa. Saa tano usiku, feni zinazunguka, skrini nyeusi ti. Mathe yuko kwenye kochi anapiga upindo kwa mkono, anajifanya haangalii. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia pesa zimeenda.

"Cherehani ikinikatalia sibishani nayo," akasema bila kuinua kichwa. "Natoa uzi wote, naanza upya."

Nikachomoa stima. Nikatoa kila kitu, nikakirudisha kimoja kimoja. RAM nilikuwa nimeigusa kwa woga, nikidhani nitavunja madabodi. Safari hii niliibonyeza mpaka ikalia ta! Nikawasha. Maandishi yakatokea. Mathe akasema tu, "Haya, lala."

Sitakudanganya. Kama kazi yako ni barua na hesabu za duka, nunua iliyo tayari, uokoe pesa na usingizi. Mimi nilihitaji mashine ninayoweza kuifungua bila kuogopa. Juzi stima ilipotea na kurudi, ikagoma tena. Kabla sijaita fundi, mathe alikuwa ameshaninyoshea bisibisi yake ya cherehani.

Deni limebaki 22,000. Usiku nikihariri, nikivua hedifoni, nasikia miguu yake ikikanyaga ile cherehani ya zamani.