Kuku Anayekataa Kunyanyuka

Mtetea akianza kuatamia habembelezeki. Yule aliyekukimbia jana leo anakutazama tu, manyoya yamemsimama, anakoroma kooni, na ukipeleka mkono anaudonoa. Kwa shangazi yangu wa Rulenge, wilayani Ngara, kuku wa hivyo ni mali. Kwa kaka yangu, anayeishi Nyakahura upande wa Biharamulo, ni hasara inayokula mahindi bila kutaga.

Nimewasikiliza wote wawili kwa miaka, na ugomvi wao ndio ulionipeleka kusoma habari za homoni. Niliyoyakuta huko yamenifanya nimtazame kuku kwa heshima kidogo.

Kinachomshika kuku kiotani huanzia kwenye ngozi ya tumbo. Manyoya ya hapo hupukutika, ngozi ikagusana na mayai moja kwa moja. Mguso ule hupanda hadi kwenye ubongo, na ubongo hutoa peptidi ndogo, mnyororo wa asidi amino 28 tu, iitwayo VIP. (Haihusiani na viti vya mbele harusini.) Peptidi hiyo hushuka hadi kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Huko seli zina vipokezi, yaani protini zilizokaa kwenye utando wa seli kama kufuli zikingoja ufunguo wake. VIP ikiingia, seli humwaga prolaktini kwenye damu. Prolaktini nayo ina vipokezi vyake, na ikivipata kuku huacha kutaga, mfuko wa mayai husinyaa, hamu ya kula hupungua, na siku 21 zinapita amekaa palepale.

Sasa, prolaktini ndiyo homoni inayomtolesha mama maziwa. Kuku hana maziwa. Mjumbe ni wa ukoo uleule, ila mwili unaompokea una mambo yake.

Kaka, akitaka kuku arudi kutaga, humchovya tumbo kwenye maji baridi na kumhamishia mahali pasipo na kiota. Shangazi huita huo ukatili. Mimi naona kaka amegusa penyewe bila kusoma popote: mguso wa mayai ukikatika, VIP hupungua, prolaktini inashuka, na baada ya muda mayai yanaanza tena. Miaka ya 1980 watafiti wa Scotland waliwadunga kuku wadogo wa bantam kingamwili za kuizuia VIP, na prolaktini ikashuka vilevile. Beseni la kaka ni rahisi zaidi.

Lakini kaka alichoka na beseni, akanunua kuku wa kisasa wasioatamia kabisa. Hao si kwamba hawana prolaktini. Wanayo, na vipokezi wanavyo. Ila wafugaji, kizazi baada ya kizazi, walibakiza kuku wanaotaga mfululizo na kuwaondoa waliong'ang'ania viota, mpaka mazungumzo yale kati ya tumbo na ubongo yakafifia. Mayai kweli anapata. Ila kundi likizeeka inabidi anunue vifaranga upya, waje kwenye maboksi kwa basi, washushwe Nyakanazi, na wengine wanafika wamekufa. Mwaka ambao hana hela, hana kuku.

Shangazi hajawahi kununua kifaranga. Madaftari ya wanawe na sare za shule vilitoka chini ya mitetea hiyo yenye hasira, na hela ya kuku ilikuwa yake, hakuna mwanamume aliyeiulizia. Kwangu hilo ni kubwa kuliko hesabu ya trei. Unapomnyima kuku uwezo wa kuatamia, uwezo ule unahamia kwa mwenye mashine na mwenye umeme.

Mwaka jana kaka alitafuta jogoo, akakusanya mayai ya kuku wake na kumpelekea shangazi, ayawekee mitetea yake. Kuku haulizi mayai ni ya nani. Mguso ni mguso. Shangazi aliyamulika moja moja kwa tochi, akarudisha matatu yaliyopata ufa njiani. Kisha akanipa ujumbe wa kupeleka Nyakahura.

"Mwambie mdogo wangu," alisema, maana kaka akiwa mkaidi humwita hivyo kwa kejeli, "nusu ya vifaranga ni yangu. Na wa kwanza kuchagua ni mimi."