Kazi ya mkubwa wangu ni kukaa karibu na ndege



Mwezi uliopita nilipoandika juu ya uwanja wetu wa ndege, nilitaja kwa maneno machache tu kwamba mkubwa wangu ni piloti. Mama mmoja aliyekuwa Bulengo kabla kambi hazijavunjwa akanitumia sauti: "Mwanangu, na piloti ana shida gani? Sisi tulitembea kwa miguu." Swali ni la haki. Namjibu leo kwa heshima, na simwambii kwamba shida ya mkubwa wangu inalingana na yake. Namweleza tu ilivyo.

Watu wengi hudhani piloti ni mtu anayejua kwamba Jumatatu anakwenda Kisangani na Jumatano anakwenda Lubumbashi. Wapo wa namna hiyo. Lakini kila kampuni ya ndege huweka wengine pembeni bila safari, wakisubiri simu. Piloti wa zamu akiamka na homa, au ndege ikichelewa mpaka saa zake za kazi zikaisha kwa sheria, wa akiba ndiye anapigiwa. Mkubwa wangu ni kopiloti, na kwa cheo chake na miaka yake ya kazi, bado yuko kwenye orodha hiyo ya akiba. Simu ikilia lazima aitike, na baada ya saa mbili awe uwanjani amevaa sare. Asipopigiwa siku nzima, amefanya kazi vilevile. Analipwa kwa kuwa karibu.

Hapa niseme jambo dogo. Kwa Kifaransa cha kazini wanaita "réserve", na nyumbani tulizoea kusema hivyo: "papa wa fulani yuko réserve wiki hii." Tangu 2023, serikali ilipoweka sheria ya jeshi la akiba, neno hilo kwa masikio ya watu wa hapa lina maana nyingine, nanyi mnaijua. Mama yetu amelipiga marufuku. Mkubwa wangu akiulizwa njiani anafanya kazi gani, anajibu "ndege", basi. Hata watoto wamefundishwa.

Zamani mpango wake ulikuwa mwepesi. Anaishi Majengo, ndege ziko Kinshasa. Wiki ya zamu ikikaribia anapanda moto mpaka uwanjani, anaonyesha kadi yake ya kazi, na kiti kikibaki bila abiria anakaa. Kisipobaki, mara nyingine komanda anamruhusu kukaa kwenye kile kiti kidogo nyuma ya mapiloti wawili. Baada ya saa mbili na zaidi kidogo yuko N'djili. Anarudisha saa yake nyuma kwa saa moja, maana Kinshasa iko nyuma yetu, na anasema kwa utani kwamba amelipwa saa ya bure. Jibini ya Masisi ilikuwa haikosi kwenye mfuko wake. Wenzake wa Kinshasa walikuwa wanauliza jibini kabla ya kumuuliza habari za watoto.

Nimekulia chini ya ndege hizo. Sisi wa Majengo, Birere, Mapendo na Virunga hatuhitaji kuelezwa uwanja wa Goma ni nini. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga moto mpaka juu ya njia ya kurukia, ikafunika sehemu yake ya kaskazini, na kwa miaka mingi ndege zilitumia kipande kilichobaki. Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kupaa ikaingia kwa watu kule Birere. Novemba 2019 ndege ndogo ya Busy Bee iliyokuwa ikienda Beni ilianguka Mapendo, juu ya nyumba. Mama yetu alipoona mtoto wake wa kwanza anataka kuwa piloti, alikaa siku tatu bila kumsemesha. Kwa hiyo sisi si watu wa kusifu ndege bure. Ila tulikuwa tunajua kwamba ikilia juu ya bati, mji una mlango.

Goma ilipochukuliwa, tarehe 27 Januari 2025, mkubwa wangu alikuwa Kinshasa kwenye zamu ya akiba. Mke wake, watoto watatu, mama na mimi tulikuwa chini ya vitanda. Umeme haukuwepo, maji hayakuwepo, mtandao ukaja na kuondoka. Yeye alikuwa na simu mkononi ambayo kazi yake ilimlazimu kuiitika, na kila ilipolia alidhani ni sisi. Siku ya pili ilipolia ilikuwa kampuni: nenda uwanjani, kuna safari ya Mbandaka. Akawaambia hawezi, kichwa chake hakiko. Wakamwelewa. Nasema hivyo kwa sababu si kila bosi angeelewa.

Tangu siku ile mpaka Novemba 2025, uwanja wa Goma ulikuwa haujapokea ndege ya abiria. Katikati ya Februari Kavumu ya Bukavu nayo ikafungwa. Mwezi huohuo Kinshasa ikazuia anga yake kwa ndege za Rwanda, kwa hiyo mwaka 2025 hata mtu aliyefika Kigali hakupata ndege ya moja kwa moja ya kwenda Kinshasa.

Sasa sikilizeni safari ya mtu anayekwenda kazini, ndani ya nchi yake mwenyewe. Asubuhi anavuka Grande Barrière kwa miguu, begi mgongoni, pasipoti mkononi, sare imekunjwa chini kabisa ili isiulizwe maswali. Gisenyi anapanda basi. Milima yote ile mpaka Kigali, saa tatu au nne. Kigali anapanda ndege ya Nairobi, yaani anakwenda mashariki ili afike magharibi. Nairobi saa iko mbele ya yetu kwa saa moja. Analala pale kwenye viti akisubiri ndege ya Kinshasa, kisha anarudi juu ya nchi yake, pengine anapita karibu na Goma yenyewe kule juu, na anashuka N'djili ambako saa iko nyuma. Mihuri ya nchi tatu kwenye pasipoti, saa za aina tatu mkononi. Safari hiyo inakula siku mbili akibahatika. Nauli inakula zaidi ya robo ya mshahara wa mwezi, na kadi yake ya kazi haina maana kwenye ndege za watu wengine.

Ndiyo maana haji tena kila wiki mbili. Mwaka huu amekuja mara tatu.

Kinshasa anakaa Masina, nyumba moja na wenzake watatu ambao nao kwao si Kinshasa. Magodoro chini, sufuria moja, zamu ya kupika imeandikwa mlangoni. Mtaa waliuchagua kwa akili: Masina iko upande wa uwanja. Mwezi wa Aprili 2025 mto Ndjili ulipofurika na kukata barabara ya Lumumba, watu wakafa na mji ukatengwa na uwanja wake, mapiloti waliokuwa wanakaa katikati ya mji hawakuweza kufika. Walio Masina walipigiwa wote. Mkubwa wangu aliruka siku nne mfululizo, na wiki mbili zilizofuata hakupigiwa hata mara moja.

Huko kutopigiwa kuna hatari yake, jambo ambalo mimi sikulijua mpaka aliponieleza. Piloti asiporuka, kibali chake kinalala. Kanuni inayofuatwa karibu dunia nzima inataka awe amepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Zikipita, harudi kwenye usukani mpaka apimwe upya, mara nyingi kwenye mashine ya mazoezi ambayo iko nchi nyingine na ina gharama. Kwa hiyo mtu wa akiba anahesabu siku. Akija Goma siku kumi, na safari mbili zikampita, hesabu inakaza.

Na kuna uchovu. Nitawapa mfano wa mbali kidogo, kwa sababu ndio mkubwa wangu hunitajia kila nikimlaumu kwamba haji. Tarehe 12 Februari 2009, kule Marekani, ndege ndogo ya kampuni ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa ndani ya nyumba yake. Kopiloti alikuwa msichana mwenye mshahara mdogo, anakaa kwa wazazi wake upande wa Seattle, na kituo chake cha kazi kilikuwa Newark, ng'ambo ya pili ya nchi. Usiku uliotangulia alisafiri kwa ndege kama abiria mpaka kazini. Komanda wake naye alikuwa anakaa Florida. Wachunguzi walisema chanzo ni namna komanda alivyoshika ndege ilipopoteza mwendo, lakini jambo la kulala na la kusafiri mbali kwenda kazini likazungumzwa nchi nzima, na kuanzia Januari 2014 sheria mpya za kupumzika zikaanza kwa mapiloti wa abiria kule: saa 10 za mapumziko kabla ya kazi.

Sheria inaweza kuhesabu saa za kazi. Haihesabu saa za basi la Gisenyi. Hilo limebaki juu ya mtu mwenyewe, aseme ukweli kwamba amechoka. Mkubwa wangu anafika Kinshasa siku nzima kabla ya zamu, analala, ndipo anaiambia kampuni kwamba yupo. Siku hiyo moja inatoka kwenye siku za watoto wake. Mke wake aliwahi kumuuliza kwa nini asilale kwenye ndege. Hakujibu, akaenda kumwogesha mdogo.

Mama wa Bulengo, najua unachosema hapo. Analala kwenye godoro na anarudi kwa ndege. Ni kweli. Wewe ulipewa siku chache za kuondoka, ukarudi kwenye shamba ambalo pengine lina mtu mwingine. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha maana ya kusubiri jina liitwe: kulala karibu na ofisi ya ugawaji kwa sababu ukienda kuchota maji na jina lako likaitwa, limepita. Nilipomsikiliza mkubwa wangu akieleza zamu yake, nilikukumbuka wewe na jeton yako. Tofauti ni kwamba yeye analipwa. Na hata malipo hayo, tangu benki zetu zilipofungwa mwaka 2025, yanakuja kwa simu, na kila mkono yanapopita unakata kidogo.

Wengi wenu mnaniuliza uwanja utafunguliwa lini. Tarehe 30 Oktoba 2025, kwenye mkutano wa Paris, rais wa Ufaransa alisema utafunguliwa kwa ndege za misaada katika wiki zinazofuata. Wanaoshika mji walijibu kwamba hawakushirikishwa. Novemba 2025 ilifika, na anga ilikuwa bado kimya. Hata ukifunguliwa kwa misaada, hiyo haitakuwa ndege ya mkubwa wangu wala ya mfanyabiashara wa jibini. Itakuwa ya dawa, na dawa zitangulie.

Kampuni yake nayo imechoka kungoja. Haikumfukuza, ila imewaambia walio kwenye orodha ya akiba kwamba kuanzia Januari kila mmoja awe na makazi Kinshasa, pamoja na familia akitaka, au aachie nafasi. Siwezi kuwaita wakatili. Wanalipa ukaribu, na Goma haiko karibu na kitu chochote siku hizi. Kazi nyingine ya kurusha ndege hapa haipo. Wenzake wawili wa hapa waliokataa kuhama, mmoja sasa ni motari, mwingine anauza mafuta ya gari kwa chupa barabara ya Sake.

Tulikaa kikao nyumbani kwa simu, yeye akiwa Masina kwenye spika, sisi Majengo. Mke wake amekubali kuhama. Watoto wamalize mitihani ya muhula, kisha wavuke wote, Kigali, Nairobi, tiketi tano kwa mkupuo. Mtoto wa kwanza amekwisha uliza kama Kinshasa watamcheka Lingala yake. Watamcheka. Mama amekataa. Alisema alikimbia 1994, akakimbia 2002, akakimbia tena 2021 mlima ulipowaka, na kila mara alirudi kwenye kiwanja hichohicho. Safari hii hakimbii kwa ajili ya kazi ya mtu. Mkubwa wangu alinyamaza muda mrefu mpaka tukadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Sawa, Mama. Nitakuwa nakuja." Hakuna aliyemuuliza mara ngapi.

Kabati na kitanda kikubwa vimepata mnunuzi. Mimi nahamia chumba cha mbele nikae na Mama. Vyumba viwili vya nyuma vitabaki wazi kuanzia mwisho wa Desemba, vina mlango wao na tangi la maji ya mvua. Mama hataki vigeuzwe ghala. Anataka familia, na akipata iliyotoka kambini yenye watoto wa shule, bei watazungumza naye wenyewe. Waulize pale kwenye duka la mkaa, watawaonyesha nyumba.