Kabla Hujauza Redio ya Zamani

Busawe, Serengeti

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma kwa makini. Unataka kuiuza redio yetu ili ununue ile mpya inayoendeshwa kwa programu. Kuhamia huko nakuunga mkono, lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Anza kwa kusikiliza. Fedha kubwa ifuate ujuzi.

Redio tuliyoizoea huchuja mawimbi kwa vipuri vyake. Hii mpya huyageuza kuwa tarakimu, kisha programu ndiyo inayochuja na kutoa sauti. Ukibadilisha programu, umebadilisha redio. Tena kipande kizima cha masafa unakiona kwenye kioo, kila kituo na mstari wake. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba kijiti cha USB cha kutazamia televisheni, chenye chipu ya RTL2832U, kinaiweza kazi hiyo. Nunua hicho kwanza. Hakirushi, kinapokea tu, na bei yake haifiki hata robo ya hiyo unayoitamani.

Sisi wa Busawe tumebahatika kwa jambo moja. Setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba QO-100, mtambo wa kwanza wa redio za ridhaa kukaa mahali pamoja angani, nyuzi 25.9 Mashariki juu ya ikweta. Kwetu iko karibu na utosi, nyuzi kama 80 kutoka upeo wa macho, upande wa magharibi. Hakuna kilima cha kuikinga. Sauti zake hushuka kuanzia megahezi 10,489.5. LNB ya kawaida, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, hupunguza 9,750, zinabaki 739.5, na hizo kijiti chako kinazipata bila taabu. Ilishe LNB volti 12 hadi 13 kupitia waya wa antena, ila weka kizuizi umeme huo usikifikie kijiti. Ukitumia dishi la duara lenye LNB katikati, litatazama juu. Litoboe kitobo chini, la sivyo masika italijaza maji.

Hapo utawasikia watu kuanzia Brazil hadi Thailand. Jifunze adabu yao. Sauti ya mtu haitakiwi kuzidi nguvu ya ishara ya mwongozo inayotoka kwenye setilaiti yenyewe. Anayezidisha hupigiwa king'ora juu ya masafa yake mpaka apunguze. Kwa hiyo kila anayerusha anatakiwa ajisikie wakati huohuo anaposema, na cha kujisikilizia ni hichohicho kijiti. Asiyejua kusikiliza hawezi kurusha vizuri, hata awe na redio ya mamilioni.

Usidhani msikilizaji ni mtu mdogo. Desemba 12, 1961, siku tatu tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, wanaridhaa walirushiwa setilaiti yao ya kwanza, OSCAR 1. Ilituma herufi mbili za Morse, HI, kwa takriban wiki tatu. Watu zaidi ya 570 katika nchi 28 waliisikia wakatuma taarifa, na kwa taarifa hizo ndipo ilipojulikana inavyoendelea huko juu.

Redio ya zamani ibaki. Haihitaji kompyuta, na betri ya sola inaitosha. Kuhusu kurusha, usitamke hata neno moja hewani kabla ya kupata leseni ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na utambulisho wako unaoanza na 5H.

Ukija likizo njoo na kijiti. Dishi na betri nitakuwa nimeviandaa. Fungua daftari, uandike kila unayemsikia: saa, masafa, na nguvu ya sauti yake. Daftari hilo likijaa, utajua mwenyewe ni redio gani unayoihitaji, nami nitakuchangia kuinunua.

Mungu akulinde.

Mjomba wako